Siku Mzee Jamonang Alipobeba Sinia

"Tarehe nimeshapanga," alisema Mzee Jamonang Manurung, akitoa mwiba wa samaki mdomoni na kuuweka ukingoni mwa sahani. "Jumamosi ya pili baada ya mavuno. Utamwoa Delima."

Binsar, mwanawe wa pili, aliacha kutafuna.

"Delima yupi?"

"Kwani unao wangapi? Binti wa mjomba wako mdogo. Nimeongea na mjomba wako, amekubali."

"Na Delima mwenyewe amekubali?"

"Delima ana adabu. Hajaulizwa, kwa hiyo hajakataa."

Mama yao aliongeza wali kwenye sahani ambayo haikuwa na nafasi. Togar, kaka mkubwa, hakuinua kichwa. Miaka sita nyuma, kwenye meza hiyo hiyo, yeye naye alitajiwa tarehe. Wakati huo alikuwa na mchumba wake, Lamria, fundi cherehani wa sokoni Balige. Mzee Jamonang alikwenda mwenyewe kwa wazazi wa Lamria, akawaambia Togar ameshachumbiwa zamani, binti yenu anachezewa tu. Lamria akahamia mbali, kisiwani Batam, bila kuaga. Togar akaozwa binti wa mjomba mkubwa, na hadi leo yeye na mkewe wanaishi kama abiria wawili waliokutana stendi.

"Simwoi Delima, Baba," alisema Binsar. "Nina mtu wangu."

"Nani?"

"Tiominar."

"Tiominar wa nani?"

"Wa Mzee Saut Simbolon."

Mzee Jamonang alicheka kwanza, maana alidhani ni utani. Kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Saut? Saut niliyemvua shati?"

"Huyo huyo."

Habari hiyo ilijulikana pwani yote ya ziwa Toba upande ule. Saut alifanya kazi kwenye kinu cha mpunga cha Jamonang miaka kumi na minane. Msimu mmoja magunia mawili yakapotea. Jamonang akamsimamisha Saut langoni, mbele ya akina mama waliokuja kukoboa, akamwamuru avue shati ili aonekane kama ameficha mchele mwilini. Utadhani gunia linaingia kwapani. Wiki moja baadaye magunia yakaonekana nyuma ya kinu, yamefunikwa na turubai. Jamonang hakutuma hata salamu. Saut akaenda kufuga nguruwe, na tangu siku hiyo hakupita tena kwenye barabara ile.

"Hivi unajua unachokisema wewe?" Sauti ya Mzee ilianza kupanda. "Kwetu anayetoa binti ni mkubwa wa anayeoa! Ukimwoa mtoto wa Saut, Saut anakuwa mkubwa wangu mpaka kufa! Akiwa na karamu, mimi napika. Akikaa kula, mimi nabeba sinia. Akinawa, mimi namshikia kopo! Mimi! Niliyesimama kuwasemea watu kwenye harusi zote za ukanda huu!"

"Najua, Baba. Wewe ndiye uliyenifundisha desturi."

Kofi lilitua kabla neno la mwisho halijaisha.

"Toka! Na jina hilo uliache huko huko nje."

* * *

Togar alimkuta mdogo wake nyuma ya lori, anajipangusa damu ya mdomo kwa kiganja.

"Umemwambia kwa raha sana," alisema Togar. "Kama mtu anayerusha jiwe."

"Ulitaka nimwambie huku nalia?"

"Nataka uniambie kitu kimoja. Huyo msichana unampenda, au ni jiwe lenyewe?"

Binsar alitema damu chini. Miezi minane nyuma alikuwa amemtumia kaka yake ujumbe, na maneno yake aliyajua kwa moyo:

"Kaka, nimepata dawa ya Mzee. Namwoa binti wa Saut. Mzee atabeba masinia kwa Saut mpaka meno yamng'oke. Hiki ni kisasi chako na changu."

"Mwanzo ilikuwa hivyo," alisema hatimaye. "Sikatai. Nilimfuata nikiwa na hesabu zangu kichwani. Yeye yuko kwenye banda la watu, anachanja nguruwe, hata hanitazami. Ananiambia, 'Wewe mwenye viatu vya kanisani, shika miguu ya nyuma.' Nikashika. Nguruwe akaniburuta kwenye tope banda zima. Tio alicheka mpaka sindano ikamdondoka."

"Halafu?"

"Halafu nikarudi kesho yake. Na keshokutwa. Siku moja nikagundua nimemaliza wiki nzima sijamfikiria Baba hata mara moja. Kaka, hilo halijawahi kunitokea tangu nizaliwe."

Togar akatabasamu kidogo, jambo ambalo naye halikumtokea mara nyingi.

"Ufute ule ujumbe," alisema Binsar.

"Siwezi. Simu anayo Baba. Kaichukua asubuhi, anasema niko mtandaoni mno."

"Kaka, una miaka thelathini na minne!"

"Mwambie yeye."

* * *

Kesho yake saa nne asubuhi simu ya Binsar ililia. Ujumbe kutoka kwa Tio: "Niko bandani kwa Mama Ganda. Njoo sasa hivi. Usiniite mpenzi wala nini."

Alimkuta amevaa buti za mpira, sindano mkononi, nguruwe jike amelala ubavu mbele yake. Hakugeuka.

"Namba ya kaka yako imenitumia kitu," alisema. "Nikusomee, au unajua kusoma ulichoandika mwenyewe?"

"Tio..."

"'Nimepata dawa ya Mzee.' Dawa! Mimi ndiye ninayeshika dawa hapa, Binsar, na kumbe dawa yenyewe ni mimi!"

"Aliyetuma ni Baba. Alichukua simu ya kaka..."

"Najua ni baba yako. Aliongeza maneno yake chini, na kaka yako hawezi kuweka nukta mahali pake. Sikuuliza nani kaituma. Nakuuliza nani kaiandika."

"Mimi."

"Sema tena."

"Niliandika mimi. Kabla sijakujua."

"Ulijua jina la baba yangu, hilo lilikutosha." Alimdunga nguruwe, nguruwe akapiga kelele, Tio akasubiri kelele ziishe. "Siku ile langoni nilikuwepo. Hukujua hilo, eh? Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimempelekea chakula cha mchana. Nilimwona baba yangu akifungua vifungo, kimoja kimoja, mpaka kimoja kikakatika. Mimi nikakiokota. Halafu anakuja mtoto wa mtu yule yule na kunifanya fimbo ya kumchapia baba yake. Nyinyi ukoo mzima hamuwezi kugombana bila kumwazima mtu wetu?"

Mama Ganda, aliyejifanya anafagia, alikuwa amefagia sehemu moja tangu mazungumzo yaanze.

"Nifanye nini, Tio?"

"Kwanza toka kwenye tope la watu. Viatu vyako vinanitia huruma, na leo sitaki kuona huruma."

* * *

Binsar alitembea moja kwa moja hadi nyumbani kwa Mzee Saut. Alimkuta barazani anachonga mpini wa jembe. Miaka kumi na minane kando ya injini ya kinu ilikuwa imechukua sehemu kubwa ya masikio yake, kwa hiyo mtu mwenye siri hakupaswa kuipeleka pale.

"Mzee, nimekuja kukiri kosa," alisema Binsar.

"Kununua nini?"

"Kosa! Kukiri kosa!"

"Ongea kwa sauti, kijana, huko ndani ya shingo hakuna mtu."

Ikabidi apaze sauti. Majirani wa pande zote wakafungua madirisha. Binsar alisimama uani akapiga kelele kwamba alimfuata Tiominar ili amkomoe baba yake, na kwamba sasa anampenda, na kwamba Tio amejua.

Mzee Saut aliweka mpini chini.

"Ulitaka Jamonang anibebee sinia?"

"Ndiyo, Mzee!"

"Mimi?"

"Ndiyo!"

Mzee Saut alianza kucheka taratibu, mabega yakitikisika, mpaka machozi yakamtoka.

"Kijana wangu, wachumba wengi wamekuja hapa. Wote walisema wamependa tabia ya binti yangu. Hakuna hata mmoja aliyenipa sababu nzuri kama yako!"

"Baba!" Tio alikuwa amesimama nyuma ya Binsar, buti bado miguuni. "Unamchekea?"

"Simcheki yeye. Namwona Jamonang na sinia."

"Mimi nimegeuzwa fimbo, na wewe unafurahia!"

Mzee akaacha kucheka.

"Haya. Ni maisha yako. Muulize unachotaka kumuuliza, mimi sisikii."

Tio akamgeukia Binsar, akamwita kaka kwa lugha ya kwao, kama msichana amwitavyo kijana.

"Ito, nina swali moja. Ukinidanganya nitajua. Baba yako akifa usiku wa leo, kesho asubuhi bado unanitaka?"

"Akifa leo, kesho nitakuwa hapa, hata kabla jeneza halijapigwa misumari."

"Usinichekeshe."

"Sitanii. Nitakuja kwa sababu nitakuwa na huzuni, na sina mtu mwingine wa kumwambia kwamba nina huzuni kwa ajili yake."

Tio alitazama pembeni. Jirani mmoja dirishani akajipangusa macho kwa kanga ya jikoni.

"Basi sikiliza," alisema Tio, na sauti yake haikuwa laini. "Kinu utakiacha. Nyumba yake utaiacha. Utakuja mikono mitupu, ukafanye kazi kwenye karakana ya boti kama ulivyotaka tangu zamani ukaogopa. Na kile kisasi chako nipe mimi. Wewe utagombana na baba yako leo, kesho mtapatana, ndivyo walivyo watu wa damu moja. Mimi nina neno langu na mtu aliyemvua baba yangu shati. Nitalisema kwa desturi yake mwenyewe, anayoipenda kuliko watoto wake."

"Unamaanisha nini?"

"Namaanisha kesho asubuhi saa mbili uje na pikipiki. Tunatoroka."

"Mnakwenda wapi?" aliuliza Mzee Saut, aliyekuwa hasikii.

"Kutoroka, Baba!"

"Aa. Basi mimi sijui lolote. Chukua na koti, kwenye pikipiki kuna baridi."

* * *

Wakatoroka mchana kweupe, kilomita sita tu, hadi nyumbani kwa Rudin, mdogo wake Mzee Jamonang. Kwa desturi yao, msichana akishapelekwa nyumbani kwa ukoo wa mwanamume na mzee wa kanisa akaarifiwa, basi ameshaolewa kwa nusu. Nusu iliyobaki ni kwa ukoo wa mwanamume kwenda kwa wazazi wa msichana, na chakula kilichopikwa, kuomba msamaha kwa kumchukua bila ruhusa.

Rudin, ambaye maisha yake yote alipangiwa na kaka yake hata rangi ya kupaka nyumba, alipiga simu mwenyewe. Mkono wake mmoja ulishika simu, wa pili ulishika glasi ya tembo.

"Kaka, wapo hapa kwangu."

"Wafukuze."

"Mzee wa kanisa ameshakunywa kahawa na kuondoka. Mchungaji anawafungisha ndoa Alhamisi."

"Nimesema wafukuze, Rudin!"

"Kaka, wewe ndiye uliyesimama kwenye harusi ya Togar ukasema desturi haina mlango wa nyuma. Nilikuwepo. Ulipigiwa makofi."

Rudin alipiga funda la tembo.

"Jumamosi tunakwenda kwa Saut kuomba msamaha," aliendelea Rudin. "Usipokuja, nitakaa mimi kwenye kiti cha baba wa bwana harusi. Na nitasema mimi."

"Wewe? Wewe huwezi kusema hata sala ya chakula bila kukohoa!"

"Ndiyo hivyo. Watu watacheka, na watauliza Jamonang yuko wapi, na nitawajibu anaogopa kubeba sinia."

Simu ikakatwa. Rudin alimaliza tembo lake, akamgeukia mke wake.

"Atakuja," alisema. "Mungu wangu, nimetoka jasho mpaka kwenye soksi."

* * *

Alikuja. Jumamosi saa tano asubuhi lori lilisimama nje ya uzio wa Saut, Togar kwenye usukani, na Mzee Jamonang akateremka amevaa koti jeusi la harusini. Uani kulikuwa na mikeka, na juu ya mikeka watu wa ukoo wa Simbolon, pamoja na majirani wote, maana hakuna aliyetaka kusimuliwa.

Mzee Jamonang alishika sinia la samaki wa ziwani waliopikwa na mbegu kali za andaliman. Alitembea nalo kutoka langoni hadi barazani. Hatua ishirini, labda. Hakuna aliyekohoa. Alipiga goti, akaliweka mbele ya Saut, akaanza kusema. Na alisema vizuri, tusimnyime haki yake. Maneno ya kuomba msamaha aliyajua kuliko mtu yeyote, isipokuwa siku zote aliyasema kwa niaba ya wengine.

Alipomaliza, Mzee Saut aliweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sikusikia vizuri, mkwe."

Mtu alifunika mdomo. Mzee Jamonang akarudia, kwa sauti zaidi.

"Unaomba nini?"

"Msamaha!" Jamonang alipiga kelele, na sauti ikagonga bati la banda la nguruwe ikarudi.

"Wa nini?"

Jibu la desturi lilikuwa fupi: kwa kumchukua binti yako. Mzee Jamonang alifungua mdomo kulisema. Kisha akaona wanawake walioketi kwenye mkeka wa tatu. Wengine wao ndio waliokuwa langoni siku ile na vikapu vyao vya mpunga, na sasa walikuwa wanamsubiri.

"Kwa binti yako," alisema. Akameza mate. "Na kwa siku ya lango. Magunia yalikuwa chini ya turubai. Nilijua wiki ile ile."

Neno hilo Mzee Saut alilisikia bila kurudiwa. Aliinuka, akachukua ulos, shuka la kufumwa ambalo baba wa binti humfunika baba wa mwanamume.

"Vua koti, mkwe," alisema. "Halikai vizuri juu ya koti."

Mzee Jamonang alivua koti mbele ya wote. Vifungo vilimchukua muda. Saut akamfunika shuka mabegani, akalivuta vizuri lisiteleze.

"Sasa kaa chini tule," alisema. "Aa, samahani. Nyinyi mnakula baada yetu."

* * *

Chakula kilipokwisha, Mzee Jamonang alimwita Togar kwa kidole, kama alivyomwita miaka yote.

"Washa gari. Nimefanya mliyoyataka. Tunaondoka."

Togar aliweka ufunguo wa lori kwenye mkeka.

"Kwanza naomba simu yangu, Baba."

"Nini?"

"Simu yangu. Iko kwenye mfuko wa koti lako."

Mzee aliitoa. Togar akaipokea, akaifuta kwa shati.

"Lori utaendesha mwenyewe, au utafute dereva. Mimi na mke wangu tumeongea jana. Tumeongea kweli, mara ya kwanza tangu mtuoze. Anataka kurudi kwao, na mimi sitamzuia. Alisema hata yeye hakuulizwa."

"Togar!"

"Hujanipiga kofi tangu nilipooa, Baba. Usianze leo, watu wanatazama."

Akaondoka kwa miguu, barabara ya ziwani, mikono mfukoni. Mzee Jamonang alibaki na ufunguo. Miaka kumi hakuwa ameshika usukani. Alimtafuta Binsar kwa macho, akamwona karibu na tangi la maji, mikono ya shati imekunjwa, anasuuza masufuria.

"Na wewe umeridhika?" aliuliza alipomfikia. "Ndicho ulichotaka."

"Nilikitaka sana," alisema Binsar. "Halafu ulipopiga goti, nilitazama chini. Sikuweza. Kisasi si changu tena, Baba. Nimemwachia mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo, ameshika rundo la sahani chafu hadi kidevuni. Mke wa mtoto hasemi na baba mkwe ana kwa ana. Huo ndio mwiko, na Mzee Jamonang mwenyewe aliwahi kumfokea mke wa Togar kwa kuuvunja. Basi Tio alimtazama mume wake, si mtu mwingine.

"Ito," alisema, "mwambie Baba mkwe kwamba ukoo wa mwanamume hauondoki kabla vyombo havijaisha. Namkumbusha tu. Nasikia ni mjuzi."

Binsar akafungua mdomo ili aufikishe ujumbe, lakini baba yake aliinua mkono kumnyamazisha. Alisimama hapo na shuka la Saut mabegani. Alitazama rundo la sahani. Alitazama barabara, ambako Togar alikuwa ameshakuwa mdogo sana.

"Mwambie mkeo," alisema hatimaye, kwa sauti ambayo hakuna mwanawe aliyewahi kuisikia, "anionyeshe sabuni ilipo."

"Mwambie iko juu ya tangi," alisema Tio. "Na akunje shuka vizuri kwanza. Ni la baba yangu, lisilowe."